Leseni ya kwenye gemspec si leseni ya kila faili

Machi 2021, bildi (ujenzi wa programu) za Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa Ruby, zilianza kugoma bila mtu kugusa msimbo. Bundler, chombo cha kusakinisha gem (vifurushi vya msimbo wa Ruby), ililalamika kwamba Gemfile.lock, yaani faili la kufuli la matoleo, inataka mimemagic 0.3.5, gem ya kutambua aina za mafaili, na toleo hilo halipo tena RubyGems, ghala la gem. Wengi hata jina hilo hawakulijua. Kwenye Gemfile yao, orodha ya gem walizoziomba, halikuwamo; liliingia kwa mlango wa nyuma: activestorage, sehemu ya Rails ya kuhifadhi mafaili, inahitaji gem ya marcel, na marcel ya wakati huo ilihitaji mimemagic.

Chanzo chake kilikuwa leseni. Kwenye gemspec, faili la maelezo ya gem, mimemagic ilijitangaza kuwa MIT, leseni yenye masharti machache, kumbe jedwali lake la aina za mafaili lilitokana na freedesktop.org.xml ya mradi wa shared-mime-info, ulio chini ya GPL toleo la 2, leseni inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake. Mwenye mradi alipojulishwa aliyaondoa matoleo ya zamani, akatoa 0.3.6 na 0.4.0 kwa GPL. Toleo 0.3.7 likarudi MIT, ila faili lenyewe ulitafute mwenyewe: `apt-get install shared-mime-info`, au uonyeshe lilipo kwa `FREEDESKTOP_MIME_TYPES_PATH`. Imeji nyembamba za Docker (programu iliyofungwa pamoja na mfumo wake) kwa kawaida hazina kifurushi hicho, kwa hiyo aliyekwisha kurekebisha namba ya toleo aliweza kukwama tena. Watengenezaji wa Rails wao walihamia marcel 1.0, inayotumia data ya Apache Tika.

Faili la kufuli hukumbuka jina, namba na chanzo cha gem, nakala yenyewe halina. Ukitaka nakala, endesha `bundle cache`, weka folda ya vendor/cache kwenye Git, na seva ya bildi itumie `bundle install --local`. Hifadhi itanenepa, lakini hiyo ni bei ndogo. Kama unaandikia kwenye Mac na seva ni Linux, tanguliza `bundle lock --add-platform x86_64-linux`, kisha `bundle cache --all-platforms`. La sivyo gem kama nokogiri, yenye nakala tofauti kwa kila mfumo, itahifadhiwa ya Mac peke yake.

Upande wa leseni, license_finder, chombo cha kukagua leseni za gem, husimamisha bildi ikikuta leseni usiyoiruhusu. Weka, lakini usilale: gemspec ikidai MIT, nayo itasema MIT. Ongeza hii, inayotafuta jina la GPL ndani ya mafaili ya gem zote:

`grep -rli "general public license" $(bundle list --paths)`

Majibu yatakuwa mengi, na mengine hayana neno, maana gem kadhaa hukuachia uchague kati ya leseni ya Ruby na GPL. Fungua faili, soma kichwa chake. Majedwali yaliyozalishwa kwa skripti ndiyo hatari zaidi: mara nyingi kichwa cha leseni hubaki kwenye faili la asili, na grep haitaona kitu. Hapo tafuta skripti iliyoyazalisha na uone inasoma nini.

Ukikuta GPL 2 kweli, usikimbilie kufuta. Programu inayokaa kwenye seva yako tu hujaisambaza, hivyo masharti ya kutoa msimbo hayajakugusa. Ukimkabidhi mteja imeji ya Docker akaendeshe kwake, umesambaza. AGPL, ndugu wa GPL, ni kali zaidi: ukiibadilisha, hata anayeitumia kupitia mtandao ana haki ya kupewa msimbo.