Siku moja ya mwandika kodi wa Busia

Saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya chai nachungulia Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla: yuniti moja. Itanifikisha jioni nisipogusa birika la umeme. Mama yuko uani anapuliza sigiri.

Naishi Busia, upande wa Uganda, na huu ni mwaka wa pili naandika programu za ankara kwa kampuni ya Boston. Neno la vitabuni la maagizo hayo ya kompyuta ni msimbo, ila sisi tumezoea kusema kodi, na hapo ndipo nilipojiharibia. Mama aliwatangazia majirani kwamba mwanawe anaandika kodi, na katika mji wa forodha hilo lina maana moja tu.

Saa mbili. Kuna malalamiko ya mteja: ankara aliyotoa saa sita na nusu usiku, kwao ikiwa Jumatatu tayari, imebeba tarehe ya Jumapili. Boston wote wamelala. Niliye macho ni mimi, na kodi yenyewe niliiandika mimi mwezi Februari.

Nachimba hadi saa sita. Seva inatunza saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, nami nilikuwa natoa saa 5 kupata saa za Boston. Februari ilikuwa sawa kabisa. Lakini jana, Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani walisogeza saa zao mbele na tofauti ikawa 4. Sisi wa ikweta, ambao jua hutuchomozea karibu wakati uleule mwaka mzima, tungejuaje? Nafuta 5, naweka 4, majaribio yanapita. Najipongeza kwa roleksi ya pale kona, chapati iliyokunjwa na mayai mawili.

Saa saba umeme unakatika, mtaa mzima. Betri ina saa tatu hivi. Kodi haiendi kwa wateja kabla mwenzangu hajaikagua, kwa hiyo namwandikia: kilichoharibika, sababu, faili nilizogusa na nilizoacha. Nilipoanza nilidhani kazi hii ni kujua kodi. Kumbe nusu yake ni barua, maana swali moja lisilojibiwa linakula siku nzima.

Hilo nililijua kwa maumivu. Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Iliporudi baada ya siku kama tano, mteja wangu wa kwanza wa nje alikuwa ameshampa kazi mtu mwingine, na sikuwa nimemwachia hata mstari mmoja. Siku hizi naandika kila kitu, na mfukoni nina laini ya Kenya. Mnara wao unashika hadi kibarazani kwetu.

Saa kumi jioni mkaguzi anaamka. Jibu lake ni maneno mawili: "Na Novemba?" Novemba watarudisha saa nyuma, na 4 yangu itakosea kama ilivyokosea 5. Naifuta namba kabisa, naandika America/New_York, jina la kanda ya saa inayotumika Boston, programu ijue yenyewe.

Saa kumi na moja, mkutano. Wiki iliyopita ulikuwa saa kumi na mbili. Umeme bado, nipo kwa laini ya Kenya, kamera nimezima.

Saa mbili usiku kodi imekubaliwa. Mama ananiita: "Mwanangu, toka kidogo, una mgeni." Ni jirani, na karatasi za mzigo wake wa mitumba mkononi. Anaomba nimpunguzie.