Barabara za Magogo Kabla Theluji Haijazifunga

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Septemba, mimi huitazama theluji ya Mlima Adams kama mkulima wa kwetu anavyoyatazama mawingu ya masika. Naishi Vancouver, katika jimbo la Washington nchini Marekani, na kutoka hapa safari ya saa mbili hivi inanifikisha Randle, mji mdogo uliopo kaskazini mwa Msitu wa Taifa wa Gifford Pinchot, unaopakana na mlima huo. Nimekulia Mufindi, kando ya mashamba ya misonobari ya Sao Hill, na barabara ya magogo, ile inayochongwa msituni ili malori yasombe miti iliyokatwa, niliijua kabla sijaijua lami. Labda ndiyo sababu wenzangu wanapoweka gari gereji baridi ikianza, mimi hukagua matairi ya pikapu na kupanda mlimani.

Barabara hizi hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Nyingi zilitengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbao zilipohitajika kwa wingi, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo ilifanywa na wanunuzi wa miti, ambao gharama zake walirudishiwa ndani ya bei ya magogo. Kisha mwaka 1990 bundi mwenye madoadoa, anayeishi katika misitu mikongwe ya huku, aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na mwaka 1994 ukapitishwa mpango mpya wa kusimamia misitu ya eneo hili lote. Ukataji ulishuka sana, nami naamini misitu mikongwe iliyobaki ilistahili kulindwa. Lakini barabara zilibaki, na fedha iliyokuwa ikizibua makalvati yake, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, ikapungua. Idara ya Misitu ya Marekani ina barabara za namna hii zinazokaribia kilomita 600,000 nchi nzima, na anayezipita hutambua upesi kwamba adui yao mkubwa ni maji.

Ugeni mkubwa wa barabara hizi ni namba. Barabara kuu za msitu zina tarakimu mbili, kama 23 na 90. Matawi yake yana tarakimu nne, na vijitawi vya mwisho huongezewa tatu nyingine. Kibao ambacho namba yake imeandikwa kwa kulala huashiria kwamba gari dogo linaweza kupita. Namba ikisimamishwa wima, tarakimu moja juu ya nyingine, njia hiyo ni ya gari lililoinuka, na hakuna aliyeahidi kuifanyia matengenezo. Miaka yangu ya kwanza sikuijua tofauti hiyo, na ningependa kila mgeni aambiwe kabla ya kuwasha gari.

Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba nilipita Barabara 23 pamoja na shemeji yangu, tukitokea Randle kuelekea kijiji cha Trout Lake, kusini mwa Mlima Adams, kama kilomita 90 zisizo na kituo hata kimoja cha mafuta. Randle mvua ilikuwa nyepesi na kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 6. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kilele cha njia hiyo, Babyshoe Pass, kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo manyunyu ya bondeni huko juu yalikuwa theluji. Ndivyo tulivyoikuta: imelala pembeni, laini, lakini barabara yenyewe ingali nyeusi na inapitika.

Kosa letu lilikuwa kuingia kijitawi kimoja kilichozunguka upande wa kaskazini wa kilima, usiofikiwa na jua miezi hiyo. Baada ya kona ya tatu, madimbwi yalikuwa yameganda na barafu ikawa inavunjika chini ya tairi kwa sauti ya sahani. Mbele kidogo kalvati lilikuwa limezibwa na majani na matawi, na maji, kwa kukosa njia ya chini, yalikuwa yamekata barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Nilishuka na kuchomeka mpini wa koleo katika mtaro huo. Ulizama hadi nusu. Upande wa kushoto ni ukuta wa udongo, kulia ni korongo.

"Shemeji, hapa hatugeuzi," aliniambia. "Rudi kinyumenyume, mimi nakaa nyuma nikuelekeze."

Mita zipatazo 300 zilituchukua zaidi ya nusu saa, yeye akitembea nyuma na tochi, akinyoosha mkono kila ukingo ulipolegea.

Nikiwa usukani nilimfikiria James Kim. Mwishoni mwa Novemba 2006 yeye, mkewe na binti zao wawili walipotea usiku katika milima ya kusini-magharibi mwa Oregon, wakaingia barabara ya magogo na theluji ikawafungia humo. Walichoma matairi ya gari ili wapate joto. Tarehe 2 Desemba alitoka kwa miguu kutafuta msaada. Siku mbili baadaye mkewe na watoto walipatikana hai karibu na gari, naye tarehe 6 akapatikana amekwisha kufariki. Tangu nilipoisoma habari hiyo, mimi hubeba mablanketi, maji na chakula cha siku tatu hata kwa safari ya mchana mmoja, pamoja na koleo, chenso (msumeno wa injini) na ramani ya karatasi, kwa kuwa simu huko haina mtandao. Nyumbani huacha maandishi ya namba za barabara nitakazopita, na nikikwama, nitabaki kwenye gari.

Tulivuka Babyshoe Pass saa nane, na upande wa pili mawingu yakafunguka. Huku kusini mwa Adams huota lachi, mti wa jamii ya msonobari ambao, tofauti na ndugu zake, hupukutisha majani yake yote kabla ya baridi. Ilikuwa imegeuka manjano mteremko mzima, na upepo ulipopita vijani vyake vyembamba kama sindano vilianguka juu ya boneti na kunata kwenye kioo chenye unyevu. Shemeji alizima redio. Tulikaa pale hadi kivuli cha jioni kilipotufikia, kisha nikachukua penseli na kukizungushia duara kile kijitawi kwenye ramani, nikaandika pembeni: Julai, twende na koleo mbili, tukazibue kalvati.