Chamonix au Val Thorens: nilivyochagua mahali pa kuteleza kwenye theluji

Likizo yangu ilikuwa ya wiki moja tu, mwanzoni mwa Aprili, na haikuwezekana kuisogeza mbele wala kuirudisha nyuma. Nalitaja jambo hili kwanza kwa sababu ndilo lililokuja kuamua safari yetu, ingawa kwa siku nyingi mimi na mdogo wangu tulibishana kuhusu kila kitu isipokuwa tarehe. Yeye ameteleza kwenye theluji tangu akiwa chuoni, wala njia nyeusi, yaani zile ngumu kuliko zote, hazimtishi. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa siku nne tu, na nilichoweza ni kukata kona, kupunguza mwendo na kusimama, ilimradi mteremko usiwe mkali. Tulikuwa tumebakiwa na vituo viwili, vyote vya Ufaransa na vyote vikifikika kwa barabara kutoka uwanja wa ndege wa Geneva: Chamonix, chini ya Mont Blanc, na Val Thorens, katika eneo liitwalo Les 3 Vallées, yaani Mabonde Matatu.

Mdogo wangu alishika upande wa Chamonix, na hakukosa hoja. Huko ndiko ilikofanyika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1924, na huko ndiko liliko gari la waya la Aiguille du Midi, linalopandisha watu hadi karibu na kilele cha mita 3,842, mahali panapoanzia Vallée Blanche, mteremko wa kilomita 20 hivi juu ya mto wa barafu. "Kaka, unakwenda hadi Alps halafu Chamonix unaiacha?" aliniuliza kwa sauti ya kunihurumia. Mimi nilikuwa nimevutwa na takwimu: Les 3 Vallées ina takribani kilomita 600 za njia zilizounganishwa kwa lifti, yaani viti na magari ya waya yanayopandisha watelezaji, nami nilidhani idadi hiyo peke yake ingemaliza ubishi.

Haikuumaliza. Aliniambia, na alikuwa na haki, kwamba mtu wa mwendo wangu asingemaliza hata robo ya kilomita hizo kwa wiki moja, kwa hiyo nilikuwa najisifia karamu ambayo nisingeila. Ndipo nilipoacha kulinganisha ukubwa, nikafungua ramani za vituo vyote viwili na kujiuliza swali dogo: siku ya tatu, saa kumi jioni, miguu ikiwa imechoka, nitarudi vipi ninapolala?

Ufaransa hupanga njia za kuteleza kwa rangi nne, kuanzia kijani iliyo rahisi kabisa, kisha buluu, nyekundu na nyeusi. Nilipoifuatilia ramani ya Chamonix kwa kidole niliona kwamba si kituo kimoja bali ni bonde refu lenye maeneo kadhaa: Les Houches huku, Le Tour kule mwisho, na kati yake Brévent, Flégère na Grands Montets. Kutoka eneo moja kwenda jingine mara nyingi ni safari ya basi au treni, skii, zile mbao za kutelezea, zikiwa begani. Le Tour ina miteremko ya upole ambayo ingenifaa, lakini isingemfaa mwenzangu, maana yake tungeagana kila asubuhi kwenye kituo cha basi. Njia ya kushuka kutoka Brévent hadi mjini nayo ni nyeusi, hivyo mwanafunzi hana budi kushuka kwa lifti ile ile iliyompandisha. Val Thorens ni kinyume chake: njia za kijani na buluu hupita karibu na milango ya majengo, na bingwa na mwanafunzi huanzia uwanja mmoja.

Lakini kilichonifanya nikate shauri ni urefu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Chamonix uko mita 1,035. Val Thorens iko mita 2,300, na hakuna kituo cha namna hiyo barani Ulaya kilicho juu zaidi. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tofauti kati ya vijiji hivi viwili ni kama nyuzi 8, na mwezi wa Aprili nyuzi 8 ndizo zinazotenganisha theluji na uji. Isitoshe, miteremko ya Brévent na Flégère huelekea zaidi kusini, hivyo jua huilainisha mapema. Grands Montets huelekea kaskazini na hutunza theluji vizuri, ila ni mahali pa mafundi. Tangu hapo, nikisoma taarifa za theluji, huangalia kina cha theluji kule chini kijijini. Kile cha kileleni karibu kila mara huwa cha kupendeza.

Tukakubaliana: usiku sita Val Thorens, na siku ya mwisho Chamonix, kwa ajili ya Aiguille du Midi tu. Mimi nilinunua tiketi ya lifti za upande wa Val Thorens pekee, yeye ya mabonde yote.

Uchaguzi wangu haukukosa kasoro. Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma na usingizi ulikuwa wa vipande vipande, kwa kuwa mwili haujazoea kulala juu kiasi kile. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba huko hakuna miti. Siku ya tatu ukungu ulishuka, ardhi na mbingu zikawa weupe mmoja, nikadhani nimesimama kumbe bado nateleza, hadi nilipoanguka ubavu. Kilichoniokoa ni nguzo za pembeni mwa njia: zina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka, na za upande wa kulia zina rangi ya machungwa juu. Nilihesabu kutoka nguzo hadi nguzo, nane, saba, sita, nikishuka kama mzee anayepapasa ukuta gizani.

Siku ya mwisho tulipanda gari la waya huko Chamonix. Nusu ya safari abiria hubadilisha gari, mahali paitwapo Plan de l'Aiguille, na kibao kilisomeka mita 2,317, karibu sawasawa na tulipokuwa tumelala wiki nzima. Mdogo wangu alikitazama kibao, akatazama mji kule chini, ambako paa na viwanja havikuwa na theluji hata kidogo.

"Mwakani," akasema, "omba likizo ya Januari."