Kizimba cha hamsta wawili: ukuta wa kati umekaa, mara ya nne

Siku ya 21 leo, na ukuta wa kati haujasogea hata milimita moja. Hauna alama ya jino, hakuna maranda yaliyovukia upande wa pili, na hamsta wote wawili (panya wadogo wa kufugwa) wanalala mchana kutwa kama inavyotakiwa. Baada ya kuta tatu kushindwa, hili lazima liandikwe.

Sanduku halijabadilika: plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 244, upana 61, kimo 61. Ukilikata katikati, kila mmoja anapata 122 kwa 61, na maranda yenye kina cha sentimita 25 hadi 30. Ni hamsta wa Syria, madume wawili wa uzao mmoja, waliotenganishwa wakiwa na wiki tano. Anayedhani ndugu wataelewana ajue kwamba watafiti waliofukua mashimo ya hamsta hawa mpakani mwa Syria na Uturuki, matokeo yakatoka 2001, hawakukuta shimo hata moja lenye wakubwa wawili. Kila mmoja na lake, wastani wa kina sentimita 65. Ukiwaweka pamoja watalala kifudifudi wamekumbatiana, halafu usiku mmoja utakuta damu.

Ukuta wa kwanza ulikuwa wavu wa nusu inchi. Hewa nzuri, bei nafuu, wazo baya. Hamsta ana tezi za harufu ubavuni, naye hupaka mpaka wake kwa kujisugua. Kupitia wavu kila mmoja alimnusa jirani usiku kucha, wakawa wanaguguna waya pale pale badala ya kuchimba. Hatari kubwa zaidi ni vidole: mguu ukipenya tundu la nusu inchi, jirani anaung'ata. Wavu unafaa mfuniko tu.

Wa pili, plaiwudi ya milimita 9. Huu ulidumu wiki sita, ukaozea chini. Mkojo uliingia kwenye ukingo uliokatwa, tabaka zikaachana, na tabaka iliyoachana humpa hamsta mahali pa kushika jino. Tundu lilikuwa kwenye kona, sentimita 20 chini ya maranda, halionekani kabisa kutoka juu. Mbao hapo ilikuwa imebaki unene wa ganda la yai. Tangu hapo sheria ni moja: usimwachie ukingo wowote wa mbao ulio wazi chini ya maranda.

Wa tatu ndio ulioumiza kichwa: plastiki angavu ya milimita 3. Haioti ukungu na haishikiki kwa meno. Lakini hamsta hupenda kuchimba akiambaa na kitu kigumu. Wa kushoto alihamisha maranda yake yote mbali na ukuta, yakabaki sentimita 8, huku upande wa kulia yakiwa 28. Uzito wa upande mmoja ukaisukuma plastiki hadi ikabinuka kama tanga. Chini ilishikwa na vipande viwili tu vya mbao, ikachomoka, pengo la sentimita moja na nusu. Kuongeza skrubu kulipasua plastiki kwenye matundu.

Sasa ni kioo cha milimita 6, sentimita 58 kwa 58, kilo tano hivi, ndani ya chaneli za aluminiamu zenye umbo la U pande tatu. Kina cha chaneli ni sentimita mbili. Usikate kioo hiki mwenyewe. Fundi wa vioo akikate na azisage kingo, maana ukingo mbichi hukata mkono na hupasuka ukigongwa. Skrubu za chaneli ziwe za kichwa bapa na zidumbukizwe kabisa kwenye chuma: kichwa kilichochomoza milimita moja tu chini ya kioo ndipo ufa unapoanzia. Kioo kikae juu ya vipande viwili vya mpira, kisha gundi ya silikoni ya akwariamu (tangi la samaki) isiyo na dawa ya ukungu ijaze chaneli ndani, isitokeze nje ambako jino litafika. Baada ya hapo sanduku likae wiki nzima tupu, mpaka harufu ya siki inayotoka kwenye silikoni iishe.

Kioo lazima kianzie kwenye sakafu ya sanduku, kamwe kisisimame juu ya maranda. Hamsta atachimba chini yake na uzito utamwangukia. Gurudumu la kukimbilia nalo, la sentimita 28, liko juu ya meza yenye miguu inayofika sakafuni kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu zana: drili ya betri inatosha kazi yote hii, lakini kwa aluminiamu msumeno wa mkono wa chuma na tupa vinashinda msumeno wa umeme, ambao huacha kingo zilizochanika.

Mpango wa mwezi huu wa kujenga ghorofa kwa ajili ya hamsta wa tatu umewekwa kando. Badala yake, mabaki ya plaiwudi yanatosha nyumba mbili za vyumba vinne zisizo na sakafu, milango ya sentimita 7 ili apite mashavu yakiwa yamejaa, paa la kufunua kukagua akiba ya chakula bila kubomoa mashimo. Kingo zote za chini zitavikwa pembe za aluminiamu. Vipande vya kwanza vimeshakatwa.