Siku nilipopanda ndege ya vibopa kwenda Houston

Mwaka 2012, kipindi kile gesi ya baharini ya Mtwara na Lindi ndo stori ya mjini, kampuni ikanipeleka Houston kozi ya wiki tatu. Dar mpaka Amsterdam sina la kusimulia, nilibanwa katikati ya watu wawili wenye viwiko basi. Mambo yalianzia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Nafika geti nachungulia dirishani naona kindege chembamba, injini mbili, Boeing 737, yani ukoo uleule tunaopandaga kwenda Mwanza! Nikajua nimepotea. Nikamuuliza dada wa pale mara mbili, akacheka, akaniambia ndo yenyewe hiyo. Sasa Atlantiki yote ile tunaivuka na hiki?

Ndani ndo nilichoka kabisa. Viti 44 tu ndege nzima! Hakuna ikonomi, wote bizinesi, viwili huku viwili kule, miguu unainyoosha mpaka unaona aibu. Tiketi alikata bosi, mimi kwa hela yangu hata bei nisingeuliza.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Texas, mtu wa visima vya mafuta, njia hiyo anaijua kama ya kwenda sokoni, akanipa darasa. Kumbe hii inaitwa BBJ, yani Boeing Business Jet, mwaka 1996 Boeing na General Electric walikubaliana waichukue 737 ya abiria waigeuze ndege binafsi ya matajiri, bodi wakachukua ya 737-700, mabawa na magurudumu ya 737-800 maana yanabeba uzito zaidi, halafu tumboni panapokaa mizigo wakapachika matangi ya ziada ya mafuta, yanaweza kufika hata tisa. Za matajiri wenyewe zina chumba cha kulala na bafu. Hii yetu ilikuwa ya kampuni ya PrivatAir ya Uswisi, imepangwa viti, na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, walikuwa wanaitumia njia hii tangu 2005.

Hapo nikaelewa kwamba ule uwazi siyo starehe peke yake. Mafuta ni mzigo jamani, ukijaza ya kukufikisha Texas bila kutua popote huwezi tena kujaza watu mia na kitu na mabegi yao, kwa hiyo wanapanda wachache na hao wachache wanalipia nafasi ya wasiokuwepo. Sisi wa Mwanza tunapakiwa kama dagaa kwa sababu safari ni saa moja na nusu tu!

Nikala, nikalala, nikaamka, bado maji tu chini, nikalala tena. Saa kumi na ushee angani, na kila nikiangalia ile ncha ya bawa iliyokunjwa juu nasema haya mama, twende.

Tukatua Houston, tukashuka watu 44 kifalme, dakika mbili ndege tupu. Kufika uhamiaji tunakuta jumbo mbili zimetangulia kumwaga watu wake. Nilisimama foleni saa nzima na ushee, yule mzee akapita zake upande wa wenyeji, ananipungia mkono.