Bima ya afya inapogoma kulipia ushauri nasaha

Mtu mwenye kadi ya bima hapa Mwanza akiugua malaria anajua la kufanya: anakwenda dirishani, kadi inahakikiwa, anasaini fomu, anamwona daktari na kuondoka na dawa zake. Akishikwa na huzuni inayomnyima usingizi kwa miezi, kadi ileile haimfikishi mbali.

Nayasema haya kwa sababu kaka yangu alipotea akivua dagaa upande wa Ukerewe. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana, na tukaomboleza bila kaburi. Daktari aliyenipima baadaye alinishauri nionane na mshauri nasaha kila wiki, lakini kampuni ya bima ambayo mwajiri wangu aliingia nayo mkataba ilikataa kutoa kibali, ikieleza kwamba kufiwa si ugonjwa.

Kwa mujibu wa makaratasi, walikuwa na hoja. Madai ya bima huambatana na msimbo wa maradhi, na katika orodha ya kimataifa ya ICD-10 sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, imo kwenye F32, wakati Z63.4 ni ya “kupotea au kufariki kwa mwanafamilia”, maneno ambayo kwa mtu wa mwambao wa ziwa hili hayahitaji kufafanuliwa. Misimbo ya Z hutaja mambo yanayomfikisha mtu kwa mtabibu bila yenyewe kuwa magonjwa, na mkataba unaolipia magonjwa pekee huyaacha nje. Ukanda uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996 na wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama mwaka 2018 haustahili mkataba wa namna hiyo.

Wapo wanaomwomba daktari aandike F32 ili bima ilipe. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani huo ni udanganyifu, na jina la ugonjwa usiokuwa nao hubaki kwenye jalada lako. Isitoshe, hata mwenye sonona ya kweli anaweza kukuta mkataba wake unalipia vidonge lakini haulipii mazungumzo, ilhali Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sonona isiyo kali haihitaji dawa za kutibu sonona, na kwamba tiba ya kisaikolojia ndiyo ya kutangulia.

Nililipa mwenyewe. Kulipa mwenyewe kuna heri yake: unamchagua mshauri, hakuna fomu inayopita mikononi mwa watu wengine, na hulazimiki kuitwa mgonjwa ndipo usikilizwe. Ubaya wake hujitokeza polepole, pale kikao cha kila wiki kinapokuwa cha kila baada ya wiki mbili, kisha cha mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, na kila mara sehemu kubwa ya muda inaishia kusimulia yaliyotokea katikati. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza hutaja vikao 6 hadi 20 kwa tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ni tiba ya mazungumzo ya kubadili namna mtu anavyofikiri na kutenda. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, muulize mshauri anakadiria vikao vingapi, uzidishe kwa ada yake, na umwombe nafuu mapema kabla fedha hazijakuishia. Mwenye dalili nzito, hasa mawazo ya kujidhuru, asisubiri hesabu hizo. Aende hospitali mara moja. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza kuna idara ya afya ya akili, na kumwona daktari huko si aibu.

Kwa waajiri wa jiji hili, hasa wenye viwanda vya samaki ambao wafanyakazi wao wana ndugu ziwani, ombi langu ni hili: mkataba wa bima unapohuishwa, ulizeni kama ushauri nasaha umo, ni vikao vingapi kwa mwaka, na kama aliyefiwa analipiwa bila kwanza kuandikiwa ugonjwa. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, swali hilohilo liulizwe pia kuhusu kitita cha mafao cha wananchi wote, wakiwemo wavuvi wenyewe na wajane wao.