Siku moja maishani mwangu: siku ya kuwapa samaki dawa ya minyoo, Bukavu

Saa 12 asubuhi. Tochi kwanza, kabla ya taa na kabla ya chakula. Gapi, samaki wadogo wa mapambo, wakiwa bado wamezubaa, mulika kwa ubavuni na uangalie tundu la haja. Ukiona nyuzi nyekundu mbili tatu zimechomoza milimita chache, kisha zinarudi ndani samaki anapoanza kuogelea, hiyo ni Camallanus, wala huhitaji hadubini. Usizivute kwa kibanio. Mnyoo huyu ameuma ukuta wa utumbo kwa mdomo mgumu kama koleo, na ukimvuta utamchana samaki ndani.

Kwenye tangi la skalari hakuna nyuzi. Samaki wamekonda, wanatema chakula, kinyesi cheupe kinaning'inia kama uzi. Dalili hiyo peke yake haisemi kitu: hata samaki aliyeshinda njaa hutoa ute mweupe.

Saa 1 na nusu. Kwa hiyo hadubini. Fyonza uzi wa kinyesi kwa bomba la sindano mara tu unapodondoka, weka kwenye kioo pamoja na tone la maji ya tangi lenyewe, funika kwa kioo chembamba. Anza na ukuzaji wa mara 40, kisha 100. Mayai ya Capillaria, mnyoo mwingine wa utumbo, huwezi kuyasahau ukishayaona mara moja: kama pipa dogo lenye kizibo kila upande. Ukiona badala yake vijidudu vidogo mno vinavyokimbia huku na huku, hao si minyoo. Ni jamii ya Spironucleus, na dawa yao ni metronidazoli. Ndiyo maana kinyesi kilicholala chini usiku kucha hakifai. Vijidudu hivyo vitakuwa vimekufa, utasema hakuna kitu.

Leo ni mapipa. Gapi watapata levamisoli majini, skalari watapata fenbendazoli ndani ya chakula.

Saa 3. Hapa ndipo dozi nyingi zinapoharibika, kwa sababu watu huhesabu lita zilizoandikwa kwenye tangi badala ya maji yaliyomo. Tangi la gapi lina urefu wa sentimita 80, upana 35, na maji ya sentimita 30 juu ya changarawe. Zidisha, gawa kwa 1,000: lita 84. Toa kama lita 4 za mawe. Tunatibu lita 80.

Kipimo ni miligramu 2 za levamisoli kwa lita. Poda ya mbuzi na ng'ombe kutoka duka la dawa za mifugo huja na nguvu tofauti, soma pakiti. Ya asilimia 10 ina miligramu 100 za dawa katika kila gramu. Koroga gramu 2 za poda katika maji, ukijaza hadi mililita 100; sasa kila mililita inatibu lita moja, na tangi hili linachukua mililita 80. Pakiti iliyochanganywa na oksiklozanidi iache dukani. Hiyo ni ya minyoo bapa ya ini la ng'ombe, haina kazi humu.

Ondoa mkaa kwenye chujio, la sivyo utafyonza dawa yote. Mimina polepole mbele ya mkondo wa maji. Zima taa, funika tangi kwa kitenge kizito: levamisoli huharibiwa na mwanga. Saa 24, bila chakula.

Saa 5. Hewa. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu za mlimani ziko juu zaidi. Maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani kwenye joto lilelile. Samaki mwenye minyoo ya kunyonya damu hana akiba. Pampu ya betri iwe tayari kando, umeme usisubiriwe.

Saa 8 mchana. Chakula cha skalari. Fenbendazoli haiyeyuki majini, ndiyo maana inaingia kwenye jeli. Miligramu 250 zilizosagwa laini kwa gramu 100 za chakula. Changanya jeli ikiwa vuguvugu, kabla haijaganda. Siku 3 mfululizo, vipande vidogo vinavyoisha mara moja. Asiyekula hapati dawa, basi angalia kila kinywa.

Saa 10 jioni. Tangi la pili la gapi, lililotiwa dawa jana saa hizi, limetimiza saa 24. Hii ndiyo nusu ya pili ya tiba na ndiyo inayorukwa. Levamisoli hupoozesha mnyoo, aachie utumbo, atoke. Majike wa Camallanus hawatagi, huzaa mabuu hai, na mabuu hayo yakibaki kwenye changarawe yataliwa na kopepodi (vijidudu vya majini ambavyo samaki hula) au na samaki moja kwa moja. Ingiza tiyo ya kufyonzea maji hadi chini ya changarawe, kona zote, huku ukitoa nusu hadi robo tatu ya maji. Jaza kwa maji ya bidoni yaliyopashwa hadi joto lilelile. Rudisha mkaa.

Maji machafu hayaendi kwenye mtaro. Mitaro ya Bukavu inashuka ziwani, na Kivu ina samaki wa jamii ya haplochromis wasiopatikana popote pengine. Mwaga kwenye shimo la udongo. Tiyo na nyavu zikauke kabisa juani kesho. Kila tangi na vyake.

Saa 1 usiku. Utepe kwenye kioo cha kila tangi: tarehe, dawa, lita zilizohesabiwa, na siku ya kurudia, baada ya wiki 3. Kulisha kopepodi hai kutoka ziwani, hapana, hadi dozi ya pili ipite.